Walimu wafundishwe kwanza, ndipo wafundishe mazingira

Natoa maoni yangu juu ya jambo linalotugusa sisi walimu wa shule za msingi vijijini, na ambalo kwa kweli linamgusa kila mwananchi anayekunywa maji na kula ugali. Jambo lenyewe ni elimu ya kutunza ardhi, maji na misitu ili vizazi vijavyo navyo vipate kuishi. Kila kiongozi anayesimama jukwaani siku ya kupanda miti husema elimu hiyo itolewe mashuleni, na sisi tunapiga makofi. Lakini lipo swali ambalo halijibiwi: huyo mwalimu anayetakiwa kuitoa elimu hiyo, yeye anafundishwa na nani, lini, na wapi?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Turiani, Wilaya ya Mvomero, Mkoa wa Morogoro. Nilipata cheti changu katika chuo cha ualimu, na tangu nianze kazi miaka zaidi ya 10 imepita. Chuoni nilifundishwa kuandaa azimio la kazi, andalio la somo, zana za kufundishia na namna ya kutunga mtihani. Hayo yote yananisaidia hadi leo na ninawashukuru wakufunzi wangu. Lakini mwalimu aliyemaliza chuo ni kama mkulima aliyepewa jembe jipya. Jembe hilo lisiponolewa, baada ya misimu michache linakuwa butu, na shamba nalo halisubiri.

Mtaala mpya wa elimu ya msingi ulianza kutumika Januari 2024, na ndani yake limo somo linaloitwa Jiografia na Mazingira. Kabla ya hapo mambo ya mazingira yalikuwa ndani ya Maarifa ya Jamii na Sayansi. Kulitaja neno mazingira katika jina la somo ni hatua nzuri na naiunga mkono. Hata hivyo, jina la somo likibadilika, kichwa cha mwalimu hakibadiliki usiku mmoja. Mwalimu yule yule, mwenye ujuzi ule ule, anaingia darasani na kitabu kipya mkononi, mbele ya watoto 80 au 90, naye anasoma ukurasa mmoja mbele yao.

Ndugu wasomaji ambao hamjafika Turiani, hebu niwaeleze kwa kifupi tulivyo, ili muone hoja yangu inatoka wapi. Juu yetu iko Milima ya Nguru, ambayo ni sehemu ya safu ile wataalamu wanayoiita Milima ya Tao la Mashariki, pamoja na Uluguru, Usambara na Udzungwa. Huko juu upo msitu wa hifadhi ya mazingira asilia wa Mkingu, uliopewa hadhi hiyo mwaka 2016. Kutoka humo inashuka mito ya Diwale, Mkindo na vijito vingi vingine, ambayo mwisho wake humwaga maji katika Mto Wami. Wami nao unakwenda hadi Bahari ya Hindi kule Saadani, na njiani maji yake yanachotwa kwa ajili ya watu wa Chalinze. Huku chini kuna mashamba ya miwa ya Mtibwa, mashamba ya wakulima wadogo wanaouza miwa kiwandani, skimu ya mpunga ya Mkindo, na shamba la miti ya mitiki. Wapo wakulima, wapo wafugaji, wapo wachoma mkaa, wapo wafyatua matofali. Yaani kila jambo linalozungumzwa kwenye mikutano mikubwa ya dunia juu ya mazingira, sisi tunalo hapa, umbali ambao mtoto wa darasa la tatu anaweza kwenda kwa miguu na kurudi kabla ya kengele ya saa nne.

Sasa tazameni mwalimu wa hapa anavyofundisha. Anaandika ubaoni: "Madhara ya ukataji miti ni haya yafuatayo: jangwa, ukosefu wa mvua, mmomonyoko wa udongo." Watoto wananakili. Siku ya jaribio wanaandika jangwa, ukosefu wa mvua, mmomonyoko wa udongo, nao wanapata alama 3 kwa 3. Lakini mtoto huyo huyo hajawahi kuliona jangwa, na nje ya dirisha anaona milima ya kijani kibichi. Anajua moyoni mwake kwamba aliyoyaandika ni maneno ya shuleni. Akitoka hapo anakwenda zake nyumbani na maisha yanaendelea.

Nitoe mfano wa iliki. Wakulima wengi wa milimani wamepata kusomesha watoto na kuezeka bati kwa fedha za iliki, na zao hilo linapenda kivuli. Kwa hiyo mkulima haangushi miti mikubwa. Anafyeka vichaka na miche midogo iliyo chini, kisha anapanda iliki. Mtu akisimama barabarani akatazama juu anaona msitu umesimama vizuri. Lakini akiingia ndani anakuta wazee watupu, babu na bibi bila mjukuu hata mmoja. Siku miti ile mizee itakapoanguka, hakuna wa kuchukua nafasi yake. Huo ndio uharibifu wa kwetu, nao haumo katika orodha ya "jangwa na ukosefu wa mvua". Ili mwalimu aufundishe lazima kwanza auelewe yeye mwenyewe, na ili auelewe lazima awepo mtu wa kumwingiza msituni, amwonyeshe miche na amweleze jinsi msitu unavyozaliana. Pia amweleze mkulima huyo apate wapi fedha ikiwa ataiacha iliki ya msituni. Wangapi kati yetu walimu tumepata somo la namna hiyo?

Katika milima hii hii wataalamu wamegundua viumbe wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Yupo kinyonga mdogo wa Nguru ambaye alitangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2006. Watafiti walikuja, wakapima, wakapiga picha, wakaondoka. Maandishi yao yapo, tena mengi, lakini yameandikwa kwa Kiingereza na yamehifadhiwa katika vyuo vikuu. Mwalimu wa kijijini anayefundisha kwa Kiswahili, umbali wa saa chache kwa miguu kutoka anapoishi kinyonga huyo, hana hata karatasi moja ya kuwasomea watoto wake. Naona hiyo ni dhuluma ya kimya kimya. Elimu ilichumwa kwetu, lakini haikurudi kwetu.

Ndugu Mhariri, wapo watakaosema kwamba haya ni madai mapya ya walimu wa siku hizi. La hasha. Historia ya mkoa wetu wenyewe inatufundisha kwamba elimu ya kuhifadhi ardhi isipoendeshwa na watu walioandaliwa vema huleta balaa. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi katika Milima ya Uluguru, na watu walilazimishwa kuchimba matuta ya ngazi mlimani. Nia iliyotajwa ilikuwa nzuri: udongo usichukuliwe na maji. Lakini waliosimamia walikuja na amri na faini. Hawakuwauliza wazee kwa nini wanalima vile walivyolima. Mahali pengi matuta yale yalifukua udongo wa chini usio na rutuba, mazao yakawa haba, na wananchi wakaona wanatumikishwa bure. Mwaka 1955 watu wa Matombo waligoma, pakatokea fujo na mtu akapoteza maisha kwa risasi. Baada ya hapo mpango ukafa. Somo la kuhifadhi udongo likageuka kuwa kumbukumbu ya uchungu.

Ulinganishe na Wamatengo kule Mbinga. Wao wana kilimo chao cha ngoro, mashimo yanayozuia maji kwenye miteremko mikali, nacho kimedumu zaidi ya miaka 100 bila askari wala faini. Kwa nini? Kwa sababu ujuzi ule ulitoka kwao wenyewe, mzazi akamfundisha mwanawe kwa kushika jembe. Mwalimu wa mazingira anatakiwa kuijua tofauti hiyo kati ya Uluguru na Umatengo. Asipoijua, yeye naye atakuwa bwana matuta mwingine, tofauti ikiwa kwamba badala ya faini anatumia kiboko.

Tena tunayo historia njema ya baada ya Uhuru. Mwaka 1967 ilitolewa Elimu ya Kujitegemea, ambayo ilitaka shule iwe sehemu ya kijiji na mtoto ajifunze kwa kufanya kazi. Wazo lile lilikuwa kubwa. Lakini mahali pengi shamba la shule liligeuka kuwa mahali pa kulima tu. Mtoto alishika jembe saa mbili bila kuambiwa kwa nini mstari huu umeota na ule umekufa. Mwalimu alikuwa msimamizi wa kazi kwa sababu hakuna aliyemfundisha kuligeuza shamba kuwa kitabu.

Kisha zikaja kampeni za elimu ya watu wazima kwa njia ya redio. Mwaka 1973 ilikuwa "Mtu ni Afya", mwaka 1975 "Chakula ni Uhai", na mwaka 1980 "Misitu ni Mali". Katika "Mtu ni Afya" peke yake walishiriki watu wapatao milioni 2, wakikaa kwa vikundi, wakisikiliza redio, wakisoma kijitabu, kisha wakijadiliana na kuchimba vyoo. Siri ya mafanikio yale ni nini? Kabla redio haijafunguliwa, viongozi wa vikundi walifundishwa kwanza. Walikuwa makumi kwa maelfu, wakapewa vitabu vyao na wakaelezwa namna ya kuendesha mjadala. Taifa lile lilikuwa maskini kuliko la leo, lakini lilijua kwamba huwezi kumtuma mtu kufundisha jambo ambalo yeye mwenyewe hajafundishwa.

Hata mataifa yamekubaliana juu ya hilo. Mkutano wa dunia wa elimu ya mazingira uliofanyika Tbilisi mwaka 1977, chini ya UNESCO na shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao yake Nairobi, ulisema elimu hiyo ianzie kwenye matatizo ya mahali watu wanapoishi, ipite katika masomo yote, na walimu waandaliwe kwa kazi hiyo chuoni na kazini. Baadaye Umoja wa Mataifa ukatenga muongo mzima, 2005 hadi 2014, kwa ajili ya elimu ya maendeleo endelevu. Muongo huo umekuja na umepita, na mimi nilikuwa shuleni na chuoni wakati wake bila kuusikia.

Sasa nieleze mahitaji yetu moja baada ya jingine, maana kulalamika bila kusema unachotaka ni kupoteza wino.

Hitaji la kwanza ni kuyajua mazingira ya mahali tunapofundisha. Mwalimu anapangiwa kazi mahali popote nchini. Mwenzetu aliyezaliwa Ukerewe anafika Turiani, anajua samaki na ziwa, lakini hajui iliki wala mitiki. Siku anayofika angepaswa kupokewa na bwana misitu, bwana shamba, mtu wa ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu, na wazee wa kijiji, wamtembeze siku tatu au nne. Badala yake anapokewa na ratiba ya vipindi.

Hitaji la pili ni mbinu za kufundishia nje ya darasa. Kuwatoa watoto 90 kwenda mtoni si jambo la mchezo. Nani atawalinda wasizame? Nani atafanya nini? Lakini yapo mambo mengi yasiyohitaji fedha. Chupa ya maji iliyokatwa ni kipimo cha mvua. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Basi paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160, na mvua ya milimita 10 inamwaga juu yake lita 1,600, ambazo zote zinakwenda zake bondeni zikichimba makorongo. Mtoto akipiga hesabu hiyo mwenyewe, akaliona korongo lililo nyuma ya darasa lake, hutahitaji kumkaririsha maana ya mmomonyoko. Chukua pia chupa mbili, moja ya maji ya kijito kinachotoka msituni na nyingine ya kijito kinachopita katikati ya mashamba, ziache zitulie hadi kesho. Tope lililolala chini ya kila chupa litaeleza somo lote.

Vivyo hivyo katika mpunga. Pale Mkindo wakulima, wakishirikiana na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, walianza kujaribu kilimo shadidi tangu mwaka 2009. Miche hupandikizwa ikiwa michanga ya siku 8 hadi 12, mmoja mmoja, kwa nafasi ya sentimita 25 kwa 25, na shamba hulowanishwa na kukaushwa kwa zamu badala ya kujazwa maji muda wote. Mwalimu wa Hisabati aulize: katika mita 1 ya mraba inaingia miche mingapi? Jibu ni 16. Mwalimu wa Sayansi aulize: kwa nini mizizi inahitaji hewa? Mwalimu wa Jiografia na Mazingira aulize: maji yaliyookolewa Mkindo yananufaisha nani huko chini? Hapo mazingira yamepita katika masomo matatu bila kuongeza kipindi hata kimoja. Lakini ili walimu watatu waungane hivyo wanahitaji kukaa pamoja na kupanga, na wanahitaji mtu wa kuwapeleka shambani kwanza.

Hitaji la tatu ni gumu kuliko yote, nalo ni namna ya kufundisha jambo lenye ugomvi. Katika darasa moja nina mtoto wa mchoma mkaa, mtoto wa mlinzi wa msitu, mtoto wa mkulima wa mpunga na mtoto wa mfugaji wa Kimasai. Mkoa wetu umemwaga damu kwa ajili ya ardhi na maji. Desemba 2000 zaidi ya watu 30 waliuawa kule Rudewa Mbuyuni, Kilosa, katika mapigano ya wakulima na wafugaji, na hapa Mvomero nako ugomvi wa aina hiyo tunaufahamu. Mwalimu akisimama na kusema "mifugo inaharibu mazingira", amemtukana baba wa mtoto mmoja mbele ya wenzake. Akisema "wakulima wameziba njia za mifugo", amemtukana baba wa mwingine. Akinyamaza, amekimbia kazi yake. Namna ya kuwafanya watoto hao wakae duara, wapime shida ya kila upande na watafute njia bila kudharauliana ni ujuzi wa pekee. Hauji kwa kusoma kitabu cha kiada. Hufundishwa, hujaribiwa, na hurekebishwa mbele ya wenzako.

Hitaji la nne ni namna ya kupima. Baraza la Mitihani huuliza zaidi maswali ya kuchagua herufi. Mtoto anayeweza kuchagua "B" si lazima aweze kuotesha mche. Sisi walimu tunapimwa kwa ufaulu wa mtihani, wala hatupimwi kwa miche iliyoota. Mwalimu mwenye akili timamu atakazania kile anachopimiwa. Tufundishwe namna ya kutoa alama kwa kazi ya mtoto ya mwaka mzima, na alama hizo zihesabiwe.

Hitaji la tano ni shule yenyewe ifanane na somo. Hapa naomba nisikilizwe kwa makini. Katika shule nyingi za vijijini uji na makande ya watoto hupikwa kwa kuni, na kuni hizo huletwa na watoto. Tuseme shule ina watoto 400, na kila mmoja analeta mti mmoja mara mbili kwa wiki. Hiyo ni miti 800 kwa wiki moja. Mwalimu yule yule anayetangaza mstarini asubuhi, "Kesho kila mtu na kuni yake," ndiye anayeingia darasani saa tatu kufundisha ubaya wa kukata miti. Mtoto si mjinga. Serikali imeagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa, na mwaka 2024 ikatoa mkakati wa nishati safi ya kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni agizo jema. Lakini jiko, gesi, na fundi wa kuwafundisha wapishi na walimu havijashuka hadi kwetu kwa kasi ya agizo lenyewe. Agizo likitangulia na mafunzo yakachelewa, tunarudi kwenye hadithi ya matuta ya Uluguru.

Wako watakaouliza: mbona ipo mipango ya mafunzo? Ni kweli ipo, na mimi sitaki kuwa mkosa shukrani. Upo mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, ambao sisi tunauita MEWAKA, chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Kwa mpango huo walimu wa shule moja hukaa katika jumuiya ya kujifunza, wakaeleza yanayowashinda na kufundishana. Nausifu mpango huo kwa sababu unamleta mwalimu kwa mwalimu mwenzake, pale pale kazini, badala ya kumpeleka mmoja mjini akarudi na mkoba na shajara. Sisi sote tunaijua ile semina ya zamani: mmoja anafundishwa siku 5, anarudi kuwafundisha wenzake siku 1, na wale wanawaeleza wengine kwa saa 1 chini ya mwembe. Ikifika kwa mtoto imebaki harufu tu.

Kasoro ninayoiona ni kwamba katika vikao hivyo mada zinazotawala ni kusoma, kuandika, kuhesabu, na masomo yenye mitihani migumu. Mazingira hayapati zamu. Na hata yakipata, sote tuliokaa pale ni walimu wa chuo kile kile cha ualimu na kitabu kile kile. Kipofu hamwonyeshi kipofu njia. Kikao cha kujifunza mazingira kinahitaji mgeni mwenye ujuzi: bwana misitu wa Mkingu, mtaalamu wa maji, mkulima hodari wa kilimo shadidi, au bibi anayejua majina na kazi za miti yote ya bonde lake.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na yote yanaweza kuanza bila kusubiri fedha za wafadhili.

Kwanza, Halmashauri ya Wilaya iagize kila muhula jumuiya ya walimu ya kila shule iwe na siku moja ya mazingira, na maofisa wa misitu, kilimo, mifugo na maji wapangiwe zamu kuhudhuria kama sehemu ya kazi yao ya kawaida. Maofisa hao wako wilayani na katani, nasi tuko hapo hapo. Kinachokosekana ni barua ya kutukutanisha.

Pili, kila kata iwe na kijitabu chake cha Kiswahili, kurasa 30 au 40, kinachoeleza mito yake, udongo wake, miti yake, mazao yake na ugomvi wake. Walimu na wazee wakiandike, wataalamu wa Sokoine wakikague, na watafiti wanaokuja milimani wawekewe sharti la kuacha muhtasari wa Kiswahili katika shule za jirani kabla hawajaondoka.

Tatu, vyuo vya ualimu vishirikishwe. Hapa kwetu tunacho Chuo cha Ualimu Mhonda, chini ya milima hiyo hiyo. Mwanachuo atakapokuja kufanya mazoezi ya kufundisha, awe na kazi moja ya mazingira ya kijiji ambayo mwalimu mwenyeji ataiendeleza. Hivyo mgeni na mwenyeji watajifunza pamoja. Tena katika wilaya yetu, kule Vianzi, kipo kituo kinachofundisha wakulima kilimo hai. Ikiwa wakulima wanafundishwa huko, kwa nini walimu wa watoto wa wakulima hao wasiende?

Nne, jiko la shule lihesabiwe kuwa zana ya kufundishia. Mkaguzi anayekuja kukagua maandalio yetu ya masomo akague pia tunapikia nini, maji ya paa yanakwenda wapi, na ile miche tuliyopanda siku ya sherehe imebaki mingapi. Kila mwaka viongozi wanapanda miti shuleni na picha zinapigwa. Mwaka unaofuata wanapanda katika mashimo yale yale.

Najua wapo watakaosema walimu wanataka posho tu. Nawajibu kwa heshima: mwalimu ni binadamu, anakula, na nauli ya pikipiki kupanda mlimani haitoki mfukoni kwa miujiza. Lakini katika mapendekezo yangu manne hakuna hata moja linalosema mwalimu alipwe kwa kujifunza. Linalodaiwa ni muda, ni mtu wa kutufundisha, na ni karatasi ya Kiswahili. Afisa akienda semina ya mazingira katika ukumbi mjini huitwa mtaalamu. Mwalimu akiomba kupelekwa msituni ulio nyuma ya shule yake asiitwe mpenda posho.

Mwaka 2022 Mto Ruvu, unaopata maji yake mengi kutoka Milima ya Uluguru, ulipungua hadi wakazi wa Dar es Salaam wakagawiwa maji kwa mgao. Siku zile magazeti yote yalijaa habari za milima ya Morogoro. Mvua zikanyesha, habari zikaisha. Lakini watoto wanaoishi kwenye vyanzo vya maji hayo wako darasani leo, na baada ya miaka 15 hao ndio watakaokuwa wanashika panga na jembe huku juu. Watakachoamua kukata au kuacha kitategemea sana kile walichokielewa kabla ya kumaliza darasa la mwisho la shule ya msingi. Na walichokielewa hakiwezi kupita kile alichokielewa mwalimu wao.

Naomba wahusika wa Wizara ya Elimu, TAMISEMI na Ofisi ya Makamu wa Rais inayoshughulikia mazingira watujibu kupitia ukurasa huu huu: katika mwaka huu wa masomo, ni siku ngapi zimetengwa kumfundisha mwalimu wa shule ya msingi wa kijijini mazingira ya kijiji chake? Kama ni nyingi, tuambiwe ziko wapi tukajiandikishe. Kama hakuna, zitengwe.

Nawasilisha.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu wa Kijijini,
Turiani, Mvomero,
Morogoro.